Kitabu cha Kuku na Kichwa cha Mama Ciku

Ncha za nywele bandia zikitumbukizwa kwenye maji yanayochemka, hutoa harufu ambayo sijui niifananishe na nini. Nikikaribia sana, nitasema ni harufu ya ndoo mpya ya plastiki iliyosahaulika juani. Ukiwahi kusukwa rasta unaijua, na huenda hata sasa shingo yako imejikaza kidogo, ukikumbuka ule mvuke unaopanda mgongoni. Juzi niliisikia nikipita mbele ya saluni moja hapa Thika, na miguu yangu ikasimama. Wanaonijua watakwambia hilo si jambo dogo. Miguu yangu haijawahi kujifunza kusimama.

Ndivyo nilivyokuwa tangu mdogo. Tuliishi Landless, mtaa wa hapa Thika, katika vyumba viwili, na baba alifanya kazi kiwandani kwa zamu. Akiingia usiku, alilala mchana. Sasa jaribu kufikiria: baba anayetafuta usingizi saa nne asubuhi, mtoto asiyeweza kukaa mahali pamoja, na Desemba nzima ya kufunga shule. Nilifungua mlango nikaufunga. Nilipanda kitanda nikashuka. Nilipanga sufuria kwa ukubwa, zikaanguka. Mama alisema mimi nimekalia siafu na siafu wenyewe wamechoka. Nilipokuwa darasa la sita uvumilivu ukamwishia, akanipeleka Ruiru kwa dada yake mdogo, Tata Wairimu. Tata ndivyo sisi Wakikuyu tunavyomwita shangazi, awe wa upande wa baba au wa mama.

Tata alikuwa na saluni ya viti vitatu, na msaidizi mmoja, Nekesa, msichana mkubwa aliyetoka Bungoma, mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye stuli, kugawa nywele bandia mafungu madogo madogo, na kumpa msusi fungu kila anaponyoosha mkono. Kazi ya kukaa. Asubuhi ya kwanza msusi alinyoosha mkono nami nilikuwa nje nikitazama fundi akibadilisha tairi. Mchana nikawa nimefunga mafundo ambayo hata leo sidhani yamefunguka.

Tatizo la Tata, hata hivyo, halikuwa mimi. Saluni ya jirani ilikuwa imeweka televisheni. Kusukwa rasta nyembamba ni kazi ya kutwa nzima, na mtu anayekaa kutwa nzima anataka kitu cha kumshika. Wateja wetu walisikia filamu zikipiga kelele ng'ambo ya ukuta, wakawa wanageuza vichwa kama alizeti. Wengine wakaanza kugeuza hata miguu.

Chini ya sinki kulikuwa na boksi la vitabu. Duka lile lilikuwa la kuuza kalamu na vitabu kabla Tata hajalipanga, na mwenye duka alipohama aliliacha boksi hilo. Siku moja ya mvua, Tata akiwa amechoka kuniambia nikae, alinivutia lile boksi kwa mguu. Akaniambia nichague kimoja nisome kwa sauti, maana angalau mdomo wangu ungekuwa na kazi.

Nikachagua cha upelelezi, kwa sababu kilikuwa na bastola kwenye jalada.

Ngoja nikueleze jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha fasihi nilichosoma baadaye. Msusi akisikiliza hadithi ya kutisha, anavuta. Hajui kama anavuta. Mpelelezi alipoingia kwenye ghala lenye giza, Nekesa akakaza. Alipoona kivuli, akakaza zaidi. Na mteja, mama mmoja muuza viazi, akapandishwa nyusi hadi akafanana na mtu aliyeletewa habari ya ajabu. Alienda nayo sura hiyo kanisani Jumapili. Mchungaji, tuliambiwa, alimuuliza kama kuna jambo.

Nikajaribu cha mapenzi. Hapo vidole vya Nekesa vikapoa. Kila wapenzi walipokaribiana, mkono ulisimama hewani na fungu la nywele likining'inia, na mteja aliyekuja asubuhi akaondoka jioni akiwa na kichwa cha kwenda kumaliziwa kesho. Mashairi yalikuwa na faida, kwa sababu mkono ulifuata mapigo na kazi ikaenda mbio, ila wateja walilala, na kichwa kinachoanguka anguka hakisukiki. Kitabu cha safari za mbali kiliwafaa wanaosukwa mistari mikubwa, kwa kuwa huanza na kuisha haraka. Hadithi za wanyama ziliwafaa wanaokuja na watoto. Nikaanza kuona kwamba kila aina ya kitabu ina mkono wake, na kila mtu ana kichwa chake, na kazi ni kuvikutanisha.

Sasa nilikuwa naweza kukaa. Hata mimi nilishangaa. Goti liliendelea kucheza, lakini makalio yalibaki kwenye stuli. Wateja wawili wakarudi kutoka kwa jirani, wakisema filamu za kule wanazijua mwisho wake. Nikajiona mtu mkubwa. Nilianza kumwambia kila anayeingia kitabu anachohitaji kabla hajaketi, mpaka Tata akanivuta kando akaniambia niache kuwapa watu ninachopenda mimi. Nimuulize mtu siku yake imekuwaje, akasema, halafu ninyamaze nisikie anachojibu.

Hapo ndipo akaja Mama Ciku.

Alikuwa ameugua. Watoto tuliambiwa hivyo tu. Dawa zilikuwa zimemwangushia nywele zote, na sasa zilikuwa zimeota tena, fupi, laini kama za mtoto mchanga, ila ndefu za kutosha kushikwa na msusi mwenye subira. Jumamosi ile dada yake alikuwa analetewa ruracio, wageni wa upande wa bwana wakija kwao na mahari, na Mama Ciku hakutaka kukaa mbele yao na kitambaa huku watu wakinong'onezana. Alitaka kusukwa. Lakini hakuweza kukaa. Mara mbili alikuwa amekuja, na mara zote mbili aliinuka katikati, akafunga kitambaa juu ya mistari michache, akaenda zake bila kusema kwa nini. Tata alilazimika kumfumua na kuanza upya, na nywele zile hazikuwa za kufumuliwa ovyo.

Alhamisi akaja mara ya tatu. Tata aliniita nyuma ya pazia.

"Leo asiinuke," aliniambia. "Akitoka na nusu kichwa tena, Jumamosi hataenda kwa dadake. Na wewe nitajua kazi imekushinda, nakurudisha Landless kesho ukagongee babako sufuria."

Nusu ya maneno hayo ilikuwa mzaha. Mimi niliyachukua yote.

Nikaanza na hadithi za kuchekesha, kwa kuwa mgonjwa, niliamini, anahitaji kicheko. Mama Ciku alitabasamu kwa adabu, kisha macho yakaenda mlangoni. Nikachukua cha mapenzi. Wapenzi waligombana kurasa nyingi kwa sababu mmoja alichelewa kujibu barua. Akavuta pumzi akasema, hawa watu wana wakati. Vidole vyake vilikuwa vimeshika mikono ya kiti, vikifungua na kufunga. Nikafungua cha upelelezi, na mstari wa kwanza ulikuwa na maiti. Tata akakohoa. Nekesa akatazama dari.

"Huyo ameanza vibaya," Mama Ciku alisema.

Nilikuwa nimebakiwa na silaha yangu kubwa. Ndani ya boksi kulikuwa na kitabu chembamba cha kuwatia moyo wagonjwa, chenye picha ya machweo kwenye jalada. Nilikuwa nimekificha makusudi kwa ajili yake. Nikasoma aya moja, kwa sauti ya kanisani. Mama Ciku akainuka. Hakukasirika, nataka ujue hilo. Aliinuka tu, na sega bado limening'inia kichwani, akachukua mkoba wake kwenye msumari.

"Hicho ninacho nyumbani, mtoto wangu. Ninacho hata viwili. Kila anayekuja kuniona ananiletea."

Nikatumbukiza mkono kwenye boksi bila kutazama, nikatoa chochote, nikafungua popote, nikaanza kusoma haraka kama mtu anayekimbiza mwizi. Kilikuwa kijitabu cha wafugaji. Kilikuwa kimevimba kwa maji ya sinki. Kilisema kwamba nyumba ya vifaranga hutayarishwa kabla ya vifaranga kufika. Sakafu itandazwe maranda ya mbao, yawe makavu, na joto liwashwe mapema ili wakifika wasitetemeke.

Mama Ciku alisimama pale na mkoba mkononi.

"Joto la nini?" aliuliza. "La stima ama la jiko?"

Nikatafuta. Lolote kati ya hayo, kijitabu kilisema, ila jiko liangaliwe moshi.

"Jiko litawaua," akasema, akakaa.

Nekesa hakuweza kunyamaza. Alisema kwao vifaranga hawana nyumba, wanalala jikoni na mama yao na wanakuwa wakubwa bila kusomewa. Mama Ciku akamuuliza wangapi wanakuwa wakubwa, na Nekesa akakiri kwamba mwewe naye hula. Wakabishana kuhusu mwewe. Tata, midomo imebana kitana, alikuwa ameshaanza kusuka. Nami nikasoma. Nilisoma kuhusu maji safi na vyombo vya kunyweshea. Nilisoma kuhusu chanjo, na jinsi ya kumtambua kuku anayejitenga na wenzake. Maneno yale hayakupanda wala kushuka, na vidole vya Tata vikawa hivyo hivyo, vyepesi, vya kadiri, juu ya ngozi ile iliyokuwa ikiuma ikiguswa. Kwangu kilikuwa kitabu kibaya kuliko vyote vya boksi lile. Hakuna mtu ndani yake. Hakuna aliyeenda popote.

Nikafika mahali paliposema kuwa kuku wa mayai akitunzwa vizuri huanza kutaga akiwa na umri wa miezi mitano hivi.

"Rudia hapo," Mama Ciku alisema.

Nikarudia. Akatoa mkono chini ya shuka la saluni, akakunja vidole polepole, kimoja kimoja, midomo ikitaja miezi.

"Wakiingia sasa, Mei watakuwa wanataga," alisema.

Mimi nilijua nyumba yake. Tata alikuwa amenituma huko mara moja. Nikamwambia kwamba yeye anakaa ghorofa ya nne, sasa atawafugia wapi? Nekesa alicheka mpaka akaangusha mafungu. Tata alinitazama jicho ambalo lingekausha nguo.

"Wewe soma," Mama Ciku akaniambia. "Wacha wakue kwanza. Mahali patapatikana."

Nilikisoma kijitabu mpaka mwisho, nikakirudia mwanzo. Mvua ilinyesha ikaacha. Alipomaliza kuchovywa ncha na kufutwa shingo, alijitazama kwenye kioo muda mrefu, akageuza kichwa upande huu na upande huu. Aliomba kijitabu, Tata akampa. Jumamosi alienda kwa dada yake, na niliambiwa kwamba alikaa mbele kabisa, bila kitambaa, na kwamba alikula nyama kama mtu aliyekuwa na deni nayo. Mimi nilibaki Ruiru mpaka shule zilipofunguliwa.

Mei ile, jioni moja, simu ya mama ililia. Alikuwa Tata, na nyuma yake kelele za saluni. Alisema kuna mteja anataka kusema na msomaji wake. Nikapewa simu.

"Ni Mei," sauti ya Mama Ciku ikasema.

Nilifurahi sana. "Wametaga?"

Akacheka, akacheka mpaka mama akasikia kutoka upande wa pili wa chumba.

"Trei nzima," akasema.

Nilimwamini. Nilikasirika hata, wiki nyingi baadaye, kwamba hakutuletea hata yai moja.

Nilikuwa tayari mwanafunzi wa chuo Tata aliponieleza yaliyobaki, tukiwa tunamenya viazi. Dawa zile za saratani huingizwa mwilini tone kwa tone, mtu akiwa amekaa kwenye kiti, saa nyingi, na mtu mwingine akiwa amesimama nyuma au pembeni yake. Mama Ciku alikaa kwenye viti hivyo mwaka mzima. Kwa hiyo alipoketi kwa Tata, akafunikwa shuka na kuambiwa atulie, mwili wake ulidhani umerudishwa kule. Na daktari alikuwa amekataa kumwahidi chochote zaidi ya miezi michache.

Mimi nilikuwa nimemtafutia kicheko, mapenzi na faraja. Yote yalikuwa vitabu vizuri, na huenda siku nyingine angevipenda. Siku ile alihitaji kitabu kinachozungumza juu ya mwezi wa tano kama jambo la kawaida, kama kitu ambacho mtu hukitandazia maranda mapema. Ukija kwangu leo ukiniomba kitabu, na wengi huja, utaniona nikikuuliza maswali ambayo hayahusu vitabu kabisa. Usichoke kunijibu. Natafuta mahali ulipo, na ni mwezi gani unaoutazama.

Hakuwahi kufuga hata kuku mmoja. Niliuliza. Lakini Mei ilipofika alikuwepo, na alitaka mtu aliyemsomea ajue.