Sauti ya Michée Isiyokuwa na Tarehe

Leo ni Ijumaa, na kundi letu la WhatsApp, la mafundi wa kompyuta, lilikaa kimya mpaka saa nne asubuhi. Kwa zaidi ya miezi mitano, kila Ijumaa alfajiri, nilikuwa nikituma humo audio moja ya zamani ya Michée Kabeya, aliyekufa mwezi wa tatu. Niliacha mwezi wa tisa, na leo pia sikutuma. Jana nilikwenda mtaa wa Katuba kumwomba mjane wake, Ngalula, atusaidie kufuta sauti ya mumewe kwenye simu zote zilizo nayo, na tangu nitoke pale sina raha. Mtu atakayesikia tu kwamba mimi, Raoul, nimefuta sauti ya marehemu atanilaani, kwa hiyo acheni nieleze tangu mwanzo.

Michée alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, wazazi wake wametoka Kasai. Alifundisha hesabu miaka ishirini kwenye shule ya sekondari, akajifunza kuandika programu peke yake, kwenye kompyuta ambayo mtu mwingine angeitupa. Alikuwa mrefu, mwembamba na mbishi. Mashati yake yote alishonewa na Ngalula, ambaye ni fundi cherehani, na kila shati lilikuwa na mfuko wa kalamu nyekundu hata alipokuwa hana tena daftari la kusahihisha. Alipoacha chaki alifungua chumba kidogo nyumbani kwake, jirani na Katongo, fundi wa milango ya chuma, akawa anatengeneza kompyuta na kuwaandikia watu programu ndogo ndogo: ya shule, ya duka la dawa, ya kituo cha afya.

Sasa, kwa wasioijua kazi yetu: lugha za programu na vyombo vyake havitulii. Waliovitengeneza, huko mbali, kila baada ya miezi michache wanatoa toleo jipya, na toleo jipya linaweza kukurahisishia kazi au kukuvunjia yote uliyojenga. Habari zake zinatoka kwa Kiingereza, Kifaransa kinafuata kikichechemea, na Kiswahili hakifiki kabisa. Sisi wa hapa tulikuwa tunapandisha kila kipya, yaani kuweka toleo jipya juu ya la zamani, mimi wa kwanza. Mwaka mmoja, siku mbili kabla ya shule kutangaza matokeo ya mwisho wa mwaka, nilipandisha, kwenye kompyuta ya shule, toleo la lugha ambayo Michée aliandikia programu ya alama. Programu ikafa. Michée na walimu watatu walihesabu asilimia za wanafunzi wote kwa mkono, na hakunilaumu hata kwa neno moja, jambo lililoniuma kuliko matusi.

Ijumaa iliyofuata alituma audio yake ya kwanza. Akakohoa, akasema, "Jambo bandugu, ni Michée," na nyuma yake nyundo ya Katongo ikawa inagonga chuma. Akaeleza ni chombo gani kimetoa toleo jipya, kimeongezewa nini, kimeondolewa nini, na yeye anaonaje. Hukumu zake zilikuwa tatu tu: mupandishe, mungoye, yaani msubiri, au muachane nayo. Kila wiki, kwa miaka sita, watu mia moja na arobaini walisubiri hukumu hiyo kabla ya kugusa kitu. Mimi mwenyewe, ninayeandika programu za ghala la mfanyabiashara mmoja wa Butembo, nilikuwa nikimwambia bosi kwamba toleo jipya tutalitazama Jumatatu, na sababu ilikuwa kwamba Michée hajasema.

Kiingereza chake chote alikitoa kwenye maelezo hayo ya matoleo, na kamusi kando. Alijua kusema kwamba kitu kimerekebishwa, kimeondolewa, au kitaondolewa mwakani, lakini hakuweza kuuliza njia ya sokoni. Tulimtania sana kwa hilo. Yeye alikuwa anatucheka sisi tunaoshangilia kila kipya. Aliona kwamba mtu akikuletea toleo jipya unatakiwa kumuuliza ameondoa nini, kabla ya kumuuliza ameleta nini. Hukumu ya "mungoye" aliitoa mara nyingi hata tukampa jina la Papa Mungoye. Alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali kuonyesha.

Tuligombana kwa jambo moja tu, tarehe. Hakuwa anasema tarehe kwenye audio zake. Nilimwambia kwamba hapa kwetu audio haikai mahali pamoja: mtu anaitupia kwa shemeji, shemeji anaitupia kwa jirani, na ikishapita simu tatu hakuna ajuaye ni ya lini. Nilimwambia mara ya kwanza, ya pili, na mara ya tatu akakasirika.

"Niliandika tarehe ku tableau kila asubui, miaka vingt," alisema, akikumbuka ubao wa darasani. "Nilichoka nayo. Hii ni habari ya juma hii. Mwenye kusikiliza anajua eko mu juma gani."

Mwalimu akishaamua, basi. Nikamwacha.

Na siku nyingine alibonyeza simu bila kujua, ikatufikia audio ya sekunde sita. Hakuna lugha ya programu humo, hakuna toleo. Ni yeye, sauti ya chini, ya nyumbani: "Ngalula, uniletee mayi kidogo, koo inakauka." Na mguu wa mtu unaosogea. Tulicheka mchana kutwa. Mimi ndiye msimamizi wa kundi, na nilikuwa mtu wa kanuni. Nikasema kundi ni la kazi, nikaiondoa kwa watu wote siku ileile. Tafadhali muikumbuke hiyo.

Halafu, miaka miwili iliyopita, kikatoka kitu kilichomfurahisha. Kilikuwa toleo jipya la chombo kidogo cha kuhifadhia data, ambacho yeye mwenyewe alikitumia kwenye programu zake zote. Jina silitaji, maana waliokitengeneza hawakutukosea. Ukipandisha toleo hilo, chenyewe kilikuwa kinanakili data yako yote mahali salama kabla ya kubadilisha chochote. Michée, aliyeishi miaka yote akiwasihi watu wafanye kopi na wao wasifanye, aliongea siku hiyo kama mtu aliyepata mtoto. "Hii mupandishe tu, musiogope," alisema. "Hata kopi musifanye, yenyewe inafanya. Hii bantu balifanya kazi muzuri." Sifa kutoka kwa Papa Mungoye ilikuwa kitu cha ajabu, kwa hiyo audio hiyo ilitembea kuliko zote. Nimekutana nayo Kinsevere, nje ya mji, kwenye simu ya mtu asiyejua hata Michée ni nani.

Mwaka mmoja baadaye waliokitengeneza chombo hicho wakabadilisha mawazo. Kopi ya peke yake ikaondolewa. Anayeitaka aifanye mwenyewe. Michée alilisema hilo, tena dakika nane nzima, akarudia kwamba mungoye, kwamba kopi kwanza. Hakuna aliyeitupia mtu yeyote. Ilikuwa ndefu, ilichosha, na ilikuwa ya kukataza.

Figo zake zilimshinda mwezi wa tatu mwaka huu, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Simu yake ilipotea siku zile za hospitali, hatukuipata tena. Kwenye kilio, chini ya turubai, watu wa kundi walitoa simu zao wakawa wanazicheza audio zake moja moja, na Ngalula akaja akaketi katikati yetu asikilize. Hakuwa analia. Aliniambia kwamba picha za mumewe zote ni mbaya, amekunja uso kwenye kila moja, lakini sauti yake ipo nzima. Nilipoona alivyokuwa anasikiliza, niliamua kwamba kila Ijumaa nitatuma moja kundini, kwa heshima ya marehemu na kwa ajili yake yeye, maana Michée alikuwa amemwingiza humo zamani. Kila mtu alisifu wazo langu. Nilijisikia mtu mwema, nakiri.

Mwishoni mwa mwezi wa nane nilituma ile ya sifa. Mimi, niliyemgombeza mtu kwa tarehe mpaka akakasirika, niliituma bila kuandika hata mwaka.

Huko Kasungami, pembezoni mwa mji, kuna nesi anaitwa Joëlle. Kituo chake cha afya kinaandika wajawazito kwenye programu aliyoiandika Michée: majina, mahali wanapokaa, siku ya kurudi, presha ya kila mmoja. Daftari la karatasi walikuwa wameliacha, kwa ushauri wetu sisi mafundi. Joëlle hakuwa kwenye kundi. Binamu yake alikuwamo. Wiki ile kompyuta ilikuwa inamwomba kila asubuhi apandishe toleo la kile chombo, naye alikuwa anakataa, kama Michée alivyomfundisha. Ndipo binamu akamtupia audio. Sauti ileile iliyomfundisha kukataa ikamwambia apandishe tu, asiogope, hata kopi asifanye. Joëlle alijua kwamba Michée ni marehemu. Aliniambia baadaye kwamba alidhani aliisema siku chache kabla ya kuugua, na kwamba kumsikia tena kulimpa faraja. Akabonyeza. Umeme ukakatika kazi ikiwa katikati, na uliporudi, daftari la miezi minane lilikuwa tupu.

Walikuwamo wanawake mia tatu na kumi na wawili. Nilikwenda na kompyuta yangu, nikakaa siku tatu nikijaribu kufufua kitu, nikapata majina arobaini na vipande vya anwani. Joëlle na wenzake walitembea Kasungami nyumba kwa nyumba, kwenye viwanja ambavyo havina namba, wakiuliza nani ana mimba hapa. Wengi waliwapata. Mmoja, Jemima, ambaye presha yake ilikuwa imeanza kupanda na alitakiwa aitwe arudi mapema, walimfikia akiwa tayari amepelekwa hospitali. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Joëlle ananiambia hakuna anayeweza kuapa kwamba daftari lingemwokoa. Anasema hivyo kwa sababu ana huruma, nami sitaki huruma yake.

Audio zilizomo kundini, maana muda wa kuziondoa mimi mwenyewe umepita, ninaweza kuwaomba watu wazifute. Zilizokwisha kutoka hazinisikilizi. Nilifikiri wiki nzima, nikaona kwamba sauti ya Michée inaweza kufukuzwa na sauti moja tu ambayo watu wangeiheshimu kama yake. Ndiyo maana jana nilikwenda Katuba.

Ngalula alikuwa ameketi kwenye cherehani, anashona sare ya shule. Nilimweleza yote: toleo la zamani, toleo jipya, Joëlle, Jemima. Alishona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi, akaniangalia.

"Raoul, hii sauti njo kitu nabakia nayo," alisema. "Na weye unakuya kuniomba niiuwe?"

Nilimwambia, "Mama, si yeye alikosea. Bantu bangali banamusikia."

Katongo alikuwa anagonga chuma chake ng'ambo ya ukuta kama siku zote. Halafu akaniuliza kama mama wa yule mtoto anajua ni sauti ya nani iliyoleta jambo hilo. Nikasema hajui. Akasema ni afadhali asijue, akajifuta macho na kile kipande cha sare, na ndipo nilipomwona analia kwa mara ya kwanza tangu kilio.

Aliniambia atawaambia watu wa kundi kwa sauti yake mwenyewe, na atazifuta hata zake, zote, maana watu wanaazima simu yake, na wajukuu hawajui kuacha kitu. Alitaka kitu kimoja tu kwa kubadilishana. Akasema kuna moja ambayo haina mambo ya version, yaani ya matoleo, haiwezi kumdhuru mtu. Hakuwahi kuihifadhi, alidhani ingekuwapo siku zote.

"Ile aliniitaka nimuletee mayi," alisema. "Weye njo chef wa groupe. Utaikosa wapi? Unitafutie."

Nilisema nitatafuta. Nilisema hivyo nikiwa namtazama machoni.

Leo saa nne audio yake ikaingia. Alikohoa kwanza, kama mumewe, na nyundo ilisikika nyuma. "Jambo bandugu. Ni Ngalula, bibi ya Michée. Leo ni tarehe tatu, mwezi wa kumi, mwaka deux mille vingt-cinq. Michée alikufa mwezi wa tatu. Kama munasikia sauti yake inasema mupandishe, musipandishe. Eko anasema mambo ya zamani. Mufute zote, mutumie bengine hii yangu." Mpaka adhuhuri watu zaidi ya mia walikuwa wameandika kwamba wamefuta. Binamu wa Joëlle aliandika wa kwanza. Mimi pia nilifuta, moja baada ya nyingine, na nilizisikiliza kidogo kidogo kabla ya kuzifuta.

Mchana Ngalula amenipigia simu kuniuliza kama nimeipata ile ya maji. Nimemwambia bado ninatafuta. Amesema hana haraka, nitafute tu polepole, na akanishukuru.