Barua ya Watu wa Kando ya Mto

Jina lake halisi lilijulikana na mkewe, dada yake na kitabu cha kodi. Wengine wote walimwita Mtiifu, kwa sababu kila barua aliyowapigia watu taipu, barazani mwa mahakama, ilimalizika kwa maneno yaleyale: Mimi mtumishi wako mtiifu. Hata aliyekuja kumtukana shemeji yake kwa barua aliondoka akiwa mtumishi mtiifu wa shemeji.

Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno ya kupimwa. Serikali ya ng'ambo aliikuta alipozaliwa, na alitarajia kuiacha atakapokufa.

Dada yake mkubwa, aliyekaa naye nyumba moja, alikuwa mkunga. Hospitali ilikuwa upande wa pili wa mto na wajawazito walikuwa upande huu. Wakati wa kiangazi mto ulivukwa kwa miguu. Wakati wa mvua ulivukwa kwa bahati.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi dada alimwagiza aandike kuomba daraja. Mtiifu akamwandikia Mkuu wa Wilaya, ambaye ofisi yake ilikuwa hatua mia mbili kutoka pale barazani. Jibu lilichukua miezi minne: madaraja yako chini ya Gavana. Akamwandikia Gavana. Gavana, baada ya nusu mwaka, akasema daraja la ukubwa huo huamuliwa na wizara, kulekule ng'ambo yaliko makao ya dola. Akaiandikia wizara. Wizara ilitumia mwaka mzima na siku kadhaa, kisha ikajibu kwamba imeitazama ramani kwa makini na haikuona mto.

Mtiifu aliisoma barua hiyo mara tatu, kisha akaenda kuutazama mto. Shaka hakuwa nayo, ila barua ilikuwa na muhuri.

Akawachorea mto, akautuma. Wizara ikashukuru. Ikaeleza kwamba ramani zitapitiwa upya baada ya miaka minane, na hadi hapo wakazi waendelee kutumia njia ya kawaida.

Wiki ileile jibu hilo lilipofika, mke wa fundi cherehani alishikwa na uchungu, na mto umejaa. Walisubiri ukingoni tangu asubuhi, dada amepiga magoti kwenye tope. Mama alipona. Mtoto hakupona. Fundi alishona mwenyewe kitambaa cha kumzikia, hakutaka kusaidiwa.

Dada alirudi nyumbani, akanawa, akakaa. Mtiifu alimpikia chai, akasahau sukari, naye akainywa hivyohivyo.

Jumamosi watu walikusanyika shuleni, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Wengi walitaka barua nyingine ya daraja, kali zaidi, ila wakabishana aandikiwe nani. Ndipo fundi cherehani, ambaye kwa kawaida si msemaji, akauliza ni nani hasa anayeweza kuwaambia ndiyo. Wakahesabu. Mkuu wa Wilaya hawezi. Gavana hawezi. Anayeweza hajui kuna mto.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," dada akasema. "Tusiombe daraja. Tudai serikali iwe hapa na iwe yetu. Daraja tutajijengea."

Hakuna aliyekuwa amekuja kwa ajili hiyo. Lakini hakuna aliyepata hoja ya kumpinga, na waliotafuta walitafuta kwelikweli, akiwemo Mtiifu.

Barua, ya kwenda kwa Mkuu wa Wilaya, Mtiifu aliipiga palepale, kwenye meza ya mwalimu. Ilikuwa fupi. Alipofika mwisho vidole vikaanza vyenyewe: Sisi watumishi...

"Simama hapo," dada akasema.

"Dada, barua haiishi hivihivi. Ni kama kutoka nje bila suruali."

"Mdogo wangu, huwezi kumwambia mtu aondoke na papo hapo ukajiita mtumishi wake. Utamchanganya."

Mtiifu akaona dada asema kweli. Akachomoa karatasi akaanza upya, maana hakuwahi kupeleka barua yenye maneno yaliyofutwa. Mwisho akaandika: Sisi, watu wa kando ya mto. Watu mia mbili na kumi wakatia saini au dole gumba.

Safari hii jibu halikuchukua miezi minne. Lilikuja siku ya tatu, likiwa na askari wawili.

Mkuu wa Wilaya alikuwa ameiweka barua mezani. Habari ya serikali hakuigusa. Pengine aliona imemzidi cheo. Aliweka kidole mwishoni mwa ukurasa.

"Umesahau mwisho."

"Sikusahau, Bwana," Mtiifu akajibu, akashangaa ilivyokuwa rahisi kusema.

Alifungwa miezi miwili, na taipureta ikachukuliwa iwe ushahidi. Alipotoka alikuta barua ile imenakiliwa kwa mkono hadi miji asiyoijua. Kila mji uliondoa mto ukaweka la kwake: huku shule, kule kisima, kwingine mashamba yaliyochukuliwa. Waliosema siasa si kazi yao walikuwa wengi, na karibu wote walikuwa na ombi lililokaa bila jibu.

Ilichukua miaka saba, pamoja na migomo na magereza ambayo wengine wameyasimulia kwa sauti kubwa zaidi. Bendera moja ikashuka, nyingine ikapanda. Msimu wa mvua uliofuata, mto ulijaa kama kawaida.

Mkuu mpya wa Wilaya, mzaliwa wa hapohapo, alisema daraja limo katika mpango. Dada akamshukuru, akatoka, akakaa kwenye benchi la nje ya mlango wake. Kesho yake akarudi. Alirudi kila siku ambayo hakuwa na mama wa kumzalisha, akifuma soksi za vichanga. Mkuu hakuwa na Gavana wa kumsingizia wala bahari ya kujificha nyuma yake. Kila alipokwenda kula ilimbidi ampite mkunga aliyewapokea wanawe watatu, na amwamkie. Mwezi wa kumi na moja wa kukaa kwake hapo, mafundi walifika na mawe.

Si daraja la kujivunia. Ni jembamba, na kizuizi cha upande mmoja kiko chini mno. Dada alilivuka, akarudi, akamwambia Mtiifu hilo la kizuizi lafaa liandikiwe barua.

Mtiifu alikuwa akibadilisha utepe wa taipureta yake mpya. Akamwambia aende akaseme mwenyewe. Mkuu yuko ofisini, na leo hajatoka.