Aliyemzika Mama Yake kwa Simu

Saa nane mchana, Ijumaa, Sekei, Arusha. Nalepo Sifael amekaa mbele ya simu ya mezani kwenye duka la simu na kompyuta. Mkono wake uko juu ya simu tangu nimeingia, lakini hainyanyui. Karatasi zake zimejaa michoro ya pampu za maji.

Leo hajaja peke yake. Kwenye benchi, ukutani, yupo mama yake, Bibi Nanyori, mkono wa kushoto umelala mapajani, hausogei. Pembeni yake kakaa Mzee Simel na fimbo yake.

"Piga, mwanangu," anasema mzee. "Simu haing'ati."

Nalepo ni mwanamke wa miaka thelathini na nane. Kwao ni huku magharibi ya Mlima Meru, watu wa ng'ombe na mahindi. Mwaka 1992 alikwenda Hamburg, Ujerumani, akaja kupata kazi kwa watu wanaouza pampu huku kwetu. Yeye anaandika kwa Kiswahili vile vitabu vya maelezo. Kule Hamburg alikuwa anafanyia nyumbani kwake, anatuma kwa kompyuta, na kila Ijumaa anampigia bosi wake, mama mmoja wa mji mwingine kule kule, anaitwa Gerda.

Sasa mimi mambo haya nimeyakuta uzeeni. Nikamuuliza, mtu anafanyaje kazi ya Ulaya akiwa Sekei?

"Babu, kompyuta haijui niko wapi," akanijibu. Akacheka kidogo, halafu akaangalia chini. "Na Gerda naye hajui."

Ni hivi. Mwaka jana mama yake alipooza upande mmoja. Kule ofisini, kuuguza mzazi unapewa siku tatu. Msiba, wiki mbili.

"Siku tatu ningefika na kugeuka," anasema. "Nikamwambia Gerda mama amekufa."

Analisema hilo kwa sauti ndogo mpaka nasogeza kiti. Kwetu mzazi aliye hai humtaji maiti hata kwa utani. Nalepo analijua hilo tangu mtoto.

Wiki mbili zikaisha, mama bado hajaweza kushika kijiko. Akabaki, bila kumwambia Gerda. Leo ni miezi saba. Asubuhi anamwogesha, anamnywesha uji, kisha anashuka mjini. Saa moja ya mtandao ni shilingi elfu moja, na umeme ukikatika, anarudi mikono mitupu.

"Ijumaa Gerda ananiuliza hali ya hewa. Nasema leo Hamburg baridi, huku jasho linanitoka."

Ijumaa iliyopita, akiwa katikati ya uongo wake, akaingia Mzee Simel kumpigia kijana wake wa Moshi. Huyu ni rika moja na marehemu baba yake Nalepo. Na kwa Waarusha, mzee wa rika la baba yako akija unainamisha kichwa akuwekee mkono, hata uwe na mvi. Nalepo akainama, simu iko sikioni.

Mzee masikio yake mazito, kwa hiyo anaongea kwa kelele: "Nalepo! Mama anaendeleaje? Mama amekula?"

"Gerda akauliza nani huyo. Nikasema redio. Akasema, redio gani inakutaja jina? Na mama gani huyo, si mlimzika? Mama hata Kijerumani ni mama. Nikakata simu," anasema Nalepo.

Mzee Simel anadakia: "Kijerumani sikijui. Lakini mtoto akifunika simu kwa kanga, kuna jambo. Nikambana mpaka akasema. Nilitaka kumchapa, basi tu mtu mzima. Nikamwambia, uliyemzika kwa mdomo, mfufue kwa mdomo. Na uanze na mama mwenyewe."

Ilimchukua siku tano. Kila akifungua mdomo anajikuta anauliza, "Mama, nikuongeze uji?" Jumatano, akimwosha miguu, akasema yote, uso wake kwenye beseni.

Bibi Nanyori akangoja anyweshwe uji wa jioni. Kisha, kwa ule mdomo uliopinda, akauliza: "Msibani kwangu mlichinja nini?"

"Nikasema hakuna, mama."

"Basi hamjanizika. Ijumaa nipeleke."

Nalepo anasema akifukuzwa ni haki yao. Akisamehewa, anataka kazi ile ile ila kwa wazi, anunue kompyuta ya mtumba aiweke karibu na kitanda cha mama.

"Nimechoka kuwa Hamburg," anasema.

Anabonyeza namba. Inaita. Mzee Simel anavua kofia, sijui kwa nini.

"Gerda, ni mimi," Nalepo anasema kwa Kijerumani, yeye ndiye aliyenieleza baadaye. "Niko Arusha. Niko Arusha siku zote hizi."

 Machozi yanamtoka Nalepo. Mama yake ananyoosha mkono ule mzima, anataka simu. Anapewa.

"Hujambo, mwanangu," anasema Bibi Nanyori, polepole. "Mimi ndiye marehemu."

Anarudisha simu kwa binti yake. Nalepo anafuta macho kwa kanga, anavuta pumzi, anaanza kutafsiri.