Mihogo Tutailoweka Wapi?

Wiki iliyopita, hapa kwetu Lusangi, karibu na Kasongo, nilipanga foleni na wanawake wengine mbele ya hema la kampuni inayochimba dhahabu. Walikuwa wanatafuta wapishi. Nilikuwa na mtoto mgongoni, na kazi hiyo niliihitaji kweli.

Mama aliyekuwa mbele yangu alipofika mezani kwa bwana aliyekuwa akiandikisha, aliweka karatasi zake za kuomba kazi lakini hakukaa. "Shefu, maji ya kuosha muchanga wa zahabu mutayamwaga wapi?"

"Mu muto, hapo chini," akajibu yule bwana bila kuinua macho.

"Mule njo tunaloweka mihogo." Kwetu mihogo hulowekwa mtoni kwanza, ndipo ikaushwe na kutwangwa unga.

Bwana akacheka. "Mama, ukipata mushahara utanunua unga ku soko ya Kasongo."

"Na ule unga wa Kasongo, unazani nani anaupeleka kule? Ni siye."

Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Alichukua karatasi zake mezani, akazikunja, akazifunga kwenye pindo la kitenge, akaondoka. Mimi huona haya kusema mbele za watu, basi nilimfuata tu. Nyuma yangu nikasikia kandambili za wengine waliotufuata.

Bwana akatoka nje ya hema. "Kumbe hamutaki kazi?"

Yule mama akageuka. "Kazi tunaitaka, papa. Ni ninyi njo hatuwataki."

Wengi hudhani mtu mwenye shida atapokea kazi yoyote. Shida tunazo, na bado tunachagua. Mimi naendelea kutafuta kazi. Lakini kampuni zinazokuja zijue kwamba huku kwetu nazo zinafanya mtihani, na ile imeanguka.