Transfoma ya Kichina Niliyoikataa

Naandika haya nikiwa nimefunga mlango kwa komeo, ingawa naishi peke yangu na hakuna mtu wa kuingia akanisoma begani, kwa hiyo pimeni wenyewe aibu niliyo nayo. Najua wengine mmeshaisikia, maana habari za Sumbawanga hazingoji bodaboda, na huko mlikoisikia mmeambiwa nilichoma kanisa. Sikuchoma kanisa. Ulikuwa ukumbi, haukuungua, ulijaa moshi tu, na moshi wenyewe haukuwa jambo baya kuliko yote yaliyonipata siku ile.

Mimi ni Gervas, mtu wa Wampembe kule ziwani, nilipanda huku juu kuja kupima mahindi kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja, nikapokelewa na baridi ya mwezi wa saba ambayo naamini inaletwa Sumbawanga kwa malori. Jioni nikawa nasoma na watu wazima wenzangu (jirani yangu wa dawati alikuwa na wajukuu wanne), nikamaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu kamili, na tangu hapo nasoma kila kilichoandikwa mbele ya macho yangu: mifuko ya mbolea, makopo ya rangi, lebo inayochungulia kwenye kola ya mtu aliyekaa mbele yangu misani. Elimu ikikuingia ukubwani haikai kimya.

Lakini elimu haiongei na mtu chumbani. Naweza kukaa kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi pasipo kinywa chochote duniani kutamka jina langu, na ghalani kwenyewe naitwa "we wa mzani". Ndiyo maana kwaya ya kigango ilikuwa kila kitu kwangu. Alhamisi saa kumi na moja, siku ya mazoezi, nikitokea tu mlangoni, watu ishirini na kitu wanapaza sauti, "Profesa huyo!" Kwa ajili ya hizo kelele ningetoka kijiji cha Kaengesa, mbali kule, kwa magoti.

Shida ni kwamba ndani ya kwaya nilikuwa naonekana lakini sisikiki. Gitaa la umeme lilikuwa moja, jekundu, na mpigaji wake ni Skola, dada mmoja fundi cherehani wa pale sokoni, mpole, ana vidole vinavyokimbia kwenye nyuzi kama vinadaiwa. Mimi nilipewa gitaa kavu la mbao, na ngoma za Mzee Kasiani zikishaanza hakuna aliyelisikia, mimi mwenyewe nikiwemo. Basi Alhamisi moja, katika kutafuta namna ya kusikika, nikaligeuza gitaa la Skola nikasoma kwa sauti kilichoandikwa nyuma ya shingo yake: limetengenezwa China.

Laiti ningeishia hapo! Nikatoa mhadhara. Nikawaambia gitaa halali ni la Japani, kwamba Mjapani akishakata mti anaukausha miaka arobaini (niliitunga papo hapo), kwamba wazee wao wanaupigapiga ubao na kuusikiliza sikioni kama daktari, na kwamba hicho chombo chetu chekundu kilitoka kiwanda kimoja na ndala. Watu wakacheka, nikanoga.

Skola akauliza taratibu, "Sasa kaka Gervas, likipigwa vizuri, anayesikia atajuaje limezaliwa wapi?"

Nami nikamjibu, Mungu anisamehe, "Dada Skola, hilo linataka sikio lililosoma."

Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Skola hakucheka, alishusha macho akaanza kukunja waya wake, na mimi nikaona lakini nikajifanya sijaona, kwa sababu ilikuwa mara yangu ya kwanza kuchekesha watu wote hao kwa mpigo.

Baada ya maneno kama hayo mwanaume unalazimika kununua. Nikampata muuzaji wa vitu vilivyotumika kutoka Japani, ana gitaa rangi ya asali pamoja na spika yake, na nyuma ya spika pameandikwa Japani kabisa, herufi zimekaa wima kama askari. Akalijaribisha mbele yangu, likalia hadi nikasahau bei. Wakati nafunga mzigo, akaniletea kisanduku cha chuma, kizito kama tofali bichi.

"Na hii transfoma chukua. Inashusha umeme. Spika ya kwao haiwezi umeme wetu, usije ukaichomeka bila hii."

Nikakigeuza, nikasoma. China.

Nadhani mmeshaona ninapoelekea. Nikamrudishia kile kisanduku kwa vidole viwili kama nimeshika panya, nikamwambia, "Mzee, siwezi kununua Mjapani halafu nimpitishe kwa Mchina." Akakiweka chini ya meza, akaanza kuhesabu pesa zangu. Nikaona nimemshinda.

Nyumbani mama mwenye nyumba anaruhusu taa na chaji ya simu, basi, kingine chochote anakuja kukichomoa mwenyewe. Kwa hiyo wiki tatu nilifanya mazoezi bila umeme, nimekaa kitandani na blanketi mabegani, na kama hamjawahi kusikia gitaa la umeme lisilo na umeme, ni kama kuku anapekua pumba chumba cha tatu. Hapo nilikuwa napiga, nafunga macho, nawaona wote wamesimama wananishangilia, nafungua macho, ni mimi na ndoo ya maji.

Mazoezini sikulipeleka, nilitaka waone siku yenyewe. Nilikata ile plagi ya Kijapani yenye miguu miwili bapa (haikuingia kwenye soketi zetu, na mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini), nikafunga plagi yetu ya miguu mitatu, nikajisifu kwa ufundi. Mwalimu Deus, kiongozi wa kwaya, akashawishika na porojo zangu hadi akatangaza, "Sherehe ya mtakatifu somo wa kigango, solo atapiga Profesa. Skola atapumzika." Skola akaitikia, "Sawa, Mwalimu," akanipisha nafasi yake ya mbele kama mtu anayempisha mgonjwa kwenye benchi.

Siku ikafika. Baada ya misa ukumbi umejaa, padre mgeni kakaa kiti cha mbele, wazee, watoto, hadi madirishani vichwa. Nikaingia na kofia (ndiyo, nilinunua na kofia). Nikaweka spika juu ya kiti ili ile Japani isomeke, nikachomeka kwenye ekstensheni moja na kinanda na vipaza sauti, nikawasha.

Paa!

Sisemi kulikuwa na mlipuko mkubwa, nasema tu kwamba kuna kuku walihama kata. Moshi uliotoka mle ungekausha samaki wa Wampembe nzima. Kinanda kimya, vipaza sauti kimya, padre mgeni kashika msalaba wake.

"Mwanangu, ndiyo huyo Mjapani?" Mzee Kasiani akauliza kutoka nyuma, kwa sauti ambayo haihitaji kipaza sauti.

"Anapasha injini, mzee wangu," nikajibu.

Mwalimu Deus akafanya uungwana, akaanzisha wimbo kwa ngoma na makofi tu, watu wakaupokea. Mimi nipo mbele kabisa na gitaa lisilo na sauti. Ningeweza kurudi nyuma, hatua sita tu. Lakini nilikuwa na kofia. Nikaendelea kupiga, vidole vinakimbia, uso nimeukunja kwa hisia, hakuna kinachosikika, na nikasema moyoni acha nimalize hivi hivi.

Katikati ya wimbo wa pili mtu akarekebisha umeme. Vipaza sauti vikarudi, kinanda kikarudi, na hapo nikasikia gitaa. Jamani, lilikuwa tamu! Sauti safi, inateleza, inapanda na kushuka. Nikajua spika yangu imefufuka, Mjapani hafi. Nikafumba macho, nikajipinda nyuma hadi kofia ikaanguka, nikapiga goti moja, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele na vicheko, nikadhani ni furaha. Nikaona sasa ndio wakati wa kumsalimu padre mgeni. Nikainua mikono yote miwili juu.

Gitaa likaendelea kupiga.

Mikono yangu ipo hewani, yote miwili, na gitaa linapiga. Nikageuka. Nyuma yangu, kwenye kona karibu na ngoma, Skola amekaa kwenye kiti kidogo na lile jekundu la China, kainamisha kichwa, anapiga sehemu yangu yote ili wimbo usianguke. Hakuwa ananitania. Alikuwa amefumba macho kweli.

Mzee Kasiani alicheka mpaka akaweka fimbo za ngoma chini. "Sikio lililosoma hilo!" mtu wa sauti ya tatu akapiga kelele, na hapo hata wale wageni ambao hawakujua asili ya utani huo wakacheka.

Nilitokea mlango wa pembeni. Nyuma nikasikia wanapakua chakula, wanaitana majina. Nilipita mjini na gitaa mgongoni, mchana kweupe, na nilipofika chumbani nikakaa kitandani na viatu, nikisubiri mtu apige hodi hata kama ni kuja kunicheka. Nilisubiri hadi jua likazama. Ile Alhamisi iliyofuata sikwenda, nikaona wacha wanitafute. Ya pili nikaona wameshanifuta. Ya tatu nikapiga gitaa langu bila umeme nikaliacha katikati ya wimbo.

Wiki iliyopita Skola akaja ghalani kununua mahindi. Nikayainamia mawe ya mzani kama sijawahi kuyaona.

"Kaka Gervas, kwaya wanauliza kama umehamia kwaya nyingine."

"Wapi! Kazi tu, dada yangu."

"Mimi niliwaambia huyu ametuona sisi ndio wa Kichina." Akacheka kidogo, nami nikacheka, halafu yeye akaacha na mimi nikaendelea peke yangu. Alisubiri. Palikuwa na nafasi nzuri kabisa pale, ya neno moja tu, nimelisoma mara elfu na najua kuliandika bila kosa. Nikamwambia, "Kilo ishirini na mbili." Akachukua mfuko wake, akashukuru, akaondoka.

Jana Alhamisi nilikwenda. Nilifika mpaka chini ya dirisha la ukumbi, baridi inauma, nikasimama kusikiliza. Walikuwa wanaimba ule ule wimbo wa sherehe. Nilitega sikio nikitafuta pengo, mahali ambapo mtu mmoja anakosekana. Sikulipata. Wimbo ulikuwa umejaa hadi kingo zote. Nikarudi nyumbani.

Mkiniuliza leo kama nchi gitaa lilikotengenezwa ina maana, nitawaambia waulizeni waliosoma asubuhi. Mimi naapa mbele yenu kwamba nitaingia mle ndani bila kofia, nitamwambia Skola lile neno mbele ya wale wale waliocheka, kisha nitaomba nafasi kwa waimbaji wa besi, mstari wa nyuma, nyuma ya yule mrefu. Na mtu yeyote asinigeuzie kola ya shati lake.