Kichuguu Kilichojenga Bweni

Juzi nilimpeleka kitindamimba wangu kuanza kidato cha kwanza katika shule ile ile niliyosoma mimi, ya Wakatoliki, kule kwetu Tororo. Njia nzima nilimwahidi kumwonyesha bweni letu la zamani. Sikulikuta. Mahali pake pamesimama ghorofa lenye madirisha ya vioo, zuri kwelikweli, nami nikabaki na godoro la binti yangu kichwani nikilia mbele za watu.

Acha nikueleze, maana hata mtoto alinishangaa.

Shule hiyo ilianza na wavulana watupu, wakisomea kanisani. Likaja darasa la mabati, kisha la pili, kisha maabara. Sisi wasichana hatukuwamo. Nilipokuwa darasa la saba, padri akatangaza baada ya misa kwamba yuko tayari kutupokea, ila kwanza tupate mahali pa kulala, na kila nyumba ilete ilicho nacho. Wengine walileta kuni za tanuri, wengine mchanga. Nyanya, aliyenilea tangu mama alipofariki, hakuwa na kitu isipokuwa kichuguu.

Usicheke. Kwetu kichuguu ni mali, kina mwenyewe, kinarithiwa, na ndugu wa tumbo moja wameshanuniana kwa ajili yake. Msimu ukifika, nyanya alikifunika kwa majani ya migomba, tukakaa kando yake tukigonga vijiti, ta-ta-ta-ta, hadi kumbikumbi wakadhani mvua imenyesha. Walitoka wakitumbukia kwenye chungu. Tuliwakaanga bila mafuta, maana wanayo yao, tukawatwanga na simsim, tukawala kwa ugali wa wimbi. Harufu ile bado naisikia. "Ng'ombe wangu huyu halishwi wala haibwi," nyanya alipenda kujisifu.

Lakini udongo wa kichuguu ndio unaotoa tofali lisilopasuka, naye akakitoa. Baba zangu wadogo walimpigia kelele wiki nzima. Akawajibu, "Mimi kumbikumbi nimekula, nimeshiba. Huyu mtoto kitabu hajakionja." Basi kikavunjwa. Mimi nilichota maji na kukanyaga udongo, yeye akajaza kalibu ya kufyatulia na kulainisha kila tofali kwa kiganja. Mwaka uliofuata nikawa miongoni mwa wasichana wa kwanza kulala humo.

Siku ya kwanza ya kutembelewa, alikuja kwa miguu, peku, nyayo zimepasuka na tope limekauka hadi kwenye magoti. Mkononi alikuwa na kifurushi cha jani la mgomba. Kumbikumbi. Alikuwa amewanunua sokoni, yeye ambaye hakuwahi kununua kumbikumbi maishani mwake.

Mimi nilikuwa nimeketi na rafiki yangu mpya, binti wa wakala wa forodha kule Malaba, tukila mkate wa siagi alioletewa na baba yake. Niliona aibu. Nasema wazi, niliona aibu. Nilimkimbilia nyanya kabla hajatufikia, nikapokea kifurushi na kukificha ndani ya sweta.

"Nionyeshe mnapolala," aliniambia. "Nitazame tu, sitakaa."

Nikamjibu bila kupepesa macho, "Wazazi hawaruhusiwi."

Aliutazama mlango. Kisha akausogelea ukuta, akaupigapiga kwa kiganja kama mtu anayemtuliza ng'ombe wa maziwa, akaniaga. Siku nyingine zote za kutembelewa aliishia getini, akiitii sheria niliyoitunga mimi. Sijui kama aliwaona wazazi wengine wakiingia na ndoo na magodoro. Nadhani aliwaona.

Alifariki nikiwa kidato cha tatu, mvua za kwanza zilipoanza. Nilirudi nyumbani nikakuta shimo la kichuguu limejaa maji, vyura wanalia ndani yake. Niliapa kwamba siku moja ningemwomba radhi, nikiwa nimeegemea ule ukuta alioupigapiga. Miaka ikapita, nikaolewa ng'ambo ya mpaka, Busia, na kila mwaka nikasema mwaka ujao.

Juzi nilimuuliza askari wa getini, mzee mwenye mvi, matofali yamepelekwa wapi. "Walimwaga kwa barabara, mama, lori za simenti zipite." Ndiyo kusema nilikuwa nimeyakanyaga tulipokuwa tukiingia.

Nilipofika mlango wa ghorofa nikasimama. Nikamwita tena mzee yule, swali la kijinga likanitoka: wazazi wanaruhusiwa?

"Ingia tu, mama. Mzazi naingia."

"Na zamani?"

"Hata zamani. Nani alikuwa nafukuza mzazi?"

Nikaingia. Nilitandika kitanda cha mwanangu polepole, nikalainisha shuka kwa kiganja, upande huu na upande ule. "Mama," akaninong'oneza, akiwatazama wenzake, "mbona umevua viatu?"

Sikujua nilivivua saa ngapi. Nikamwona anavyoona aibu, na sikumlaumu. Nikamwambia, tazama vizuri mnapolala, halafu unieleze kila kitu, hata rangi ya dari. Kuna mtu aliyeomba kuona, nami hata kumweleza sikumweleza.