Baiskeli ya Ndani ya Ghala la Pamba

Kwetu Busia kijana anayetaka kuoa huulizwa mengi: ng'ombe anao, shamba liko wapi, ni wa ukoo gani, anakunywa au anakunywa sana. Niliyajibu yote vizuri, nikadhani nimemaliza. Ndipo shangazi mkubwa wa mchumba wangu, ambaye sisi huku humwita senge, akaanza kuniangalia miguu.

"Hii ndiyo ya kumbeba mtoto wetu?" aliuliza, akiinyooshea kidole kama mtu anayechagua kuku sokoni.

Inabidi nieleze desturi hiyo, maana wageni huwa wanadhani tunatania. Baiskeli ilipoingia kwetu pamoja na biashara ya pamba, wanaume waliifurahia. Mashangazi walipoona wanaume wanafurahi, wakaitafutia sharti. Siku ya harusi bwana harusi humchukua bibi harusi kwenye keria kutoka kanisani Dabani hadi nyumbani kwake. Njiani kuna bonde lenye kijito, na ng'ambo ya kijito kuna mlima mfupi wenye roho mbaya. Mashangazi hutangulia wakakaa juu yake. Mguu wa bwana harusi ukigusa chini kabla hajawafikia, humchukua mtoto wao, wakarudi naye nyumbani, na atakaa huko mpaka pamba ya msimu ule ivunwe na iuzwe. Baada ya hapo mwanamume anaruhusiwa kujaribu tena, kama msichana bado anamtaka. Jamaa mmoja wa Masinya alishusha mguu mmoja tu, tena wa kushoto. Pamba ilipouzwa, msichana wake alikuwa ameshazoea kuchekwa kwa ajili yake, akachoka, akaolewa Lumino na muuza samaki.

Mimi sikutaka wangu aolewe Lumino. Nilimpenda tangu msimu tuliokuwa tukichambua pamba pamoja, alipokuwa akinitoa nyuzi kichwani bila kuniuliza, kama vile kichwa kilikuwa chake. Lakini yeye alikuwa msichana wa jembe, mwenye mwili wa mtu anayeshiba kwa kazi yake mwenyewe. Mimi nilikuwa mwembamba kiasi kwamba upepo ukivuma watu walinishauri niingie ndani.

Basi nikaamua kufanya mazoezi.

Nilianzia barabarani, kama mtu yeyote mwenye akili. Niliazima baiskeli ya baba mdogo, nikaendesha mpaka upande wa Kenya, nikageuza, nikarudi Uganda, nikageuza tena. Haikuchukua muda askari wa mpakani akanisimamisha.

"Wewe! Unakwenda wapi?"

"Nakwenda Kenya, afande."

"Kufanya nini?"

"Kurudi."

Alimwita mwenzake. Kwa askari wa mpakani, mtu anayevuka na gunia la mahindi ni mtu wa kawaida tu, ana familia, anatafuta riziki, wataelewana. Mtu anayevuka mikono mitupu na kurudi mikono mitupu, huyo ndiye hatari kwa serikali ya malkia wa Uingereza. Waligonga mabomba ya baiskeli wakasikiliza. Walifungua pampu wakachungulia ndani. Walipokosa kitu wakakasirika zaidi, wakanishauri, kwa upole na kwa kiboko, kwamba kama nataka kuchoka nichokee kwetu. Nilipomwambia mkubwa wao kwamba nafanya mazoezi, alinitazama kwa huruma.

"Mazoezi ya baiskeli? Kwani hujui kuendesha?"

Hapo nikaelewa kwamba nahitaji baiskeli ya kukanyaga nikiwa ndani, mahali ambapo mimi, jasho langu na serikali hatutakutana.

Wakati huo baba mdogo alikuwa amesikia kuna mnada Tororo. Mzungu mmoja wa kiwanda cha saruji alikuwa anarudi kwao na anauza vitu vyake, kimojawapo baiskeli ya nyumbani. Tulipanda lori la mfanyabiashara mmoja wa Kiislamu wa mjini kwetu, mzee mcheshi aliyekuwa anafuata matairi kwenye mnada huohuo. Tukaikuta imekaa katikati ya sebule. Ilikuwa na kiti kizuri cha ngozi, usukani, na gurudumu moja zito la chuma lisilogusa sakafu.

"Hii unakanyaga, haiendi," karani wa mnada alituambia kwa fahari.

"Imeharibika?" aliuliza mzee wa lori.

"Hapana. Ndivyo ilivyotengenezwa."

"Sasa mwenyewe alikuwa anakwenda wapi nayo?"

"Alikuwa anapunguza tumbo."

Kwetu mtu hutafuta tumbo kwa miaka mingi, na akilipata hununua shati la kulionyesha. Huyu alikuwa na motokaa ya kumpeleka kila mahali, akaleta chuma kwa meli na kwa treni kisimpeleke popote, ili tumbo liondoke. Mbele ya usukani palikuwa na saa ndogo ya kuhesabu maili. Mzee wa lori aliinama akaisoma, akapiga mluzi.

"Huyu bwana ameshafika kwao zamani," alisema. "Amerudi kufuata mizigo tu."

Nilipanda nikajaribu. Ilikanyagika vizuri, nzito kama inavyotakiwa, na kwa dakika chache niliuona mlima wa Dabani unakuja kwangu kwa adabu. Halafu bei ikatajwa, mlima ukarudi mahali pake. Ilinunuliwa na mwenye mashine ya kusaga unga, ambaye hakuwa na shida na kiti wala saa. Alitaka gurudumu.

Chaguo la pili lilikuwa sokoni kwetu Busia. Mnoa visu alikuwa na baiskeli iliyofungwa kwenye fremu ya mbao ndani ya kibanda chake. Unakanyaga, mkanda unazungusha jiwe, kisu kinanolewa. Nilipomweleza shida yangu, alinikumbatia kama ndugu aliyepotea.

"Kaa, bwana harusi! Kaa ukanyage! Sitakutoza hata senti."

Ukarimu wake ulinigusa sana. Ilikuwa wiki ya kuelekea Idi, na kila nyumba ya Waislamu mjini ilikuwa inaleta visu na mashoka. Mimi nilikanyaga tangu asubuhi. Yeye alishika kisu, akapokea pesa, akapiga soga na wateja. Cheche ziliruka zikanitoboa suruali kwa mpangilio mzuri, kama kazi ya fundi. Wamama walinijua.

"Mwana wewe, harusi lini?"

"Baada ya mvua, mama."

"Basi kanyaga na hiki cha jirani yangu."

Idi ilipofika hapakuwa na kisu butu kutoka kwetu mpaka upande wa Kenya. Miguu yangu ilikuwa imepata nguvu kidogo, na biashara yake ilikuwa imepata nguvu nyingi. Siku ya pili ya sikukuu aliniambia, kwa masikitiko ya kweli, kwamba mazoezi yamekwisha kwa sababu wateja wamekwisha.

Nikabaki na chaguo la tatu, ambalo lilikuwa nyumbani siku zote: baiskeli ileile nyeusi ya baba mdogo. Ilikuwa na stendi ya miguu miwili chini ya gurudumu la nyuma. Ukiisimamisha, gurudumu linaning'inia hewani. Kwa nini mtu apeleke pesa Tororo? Tuliiingiza kwenye ghala lake la pamba, tukaisimamisha kwenye stendi, nikapanda, nikakanyaga. Gurudumu lilizunguka vizuri ajabu. Lakini mimi si mjinga. Nilijua kwamba kukanyaga bila mzigo ni mchezo wa watoto.

"Baba mdogo, kaa kwenye keria," nikamwambia.

"Nimzidi bibi harusi uzito?"

"Mzidi kidogo. Ili siku ile nione wepesi."

Baba mdogo alikuwa mtu mnene mwenye moyo mwema. Alikaa, akawasha sigara, nikaanza. Ikawa ndiyo kazi yetu ya kila jioni mvua ilipokuwa inapiga mabati. Mimi nilifumba macho nikaona barabara. Nilivuka Masinya, niliuzunguka mwamba wa Tororo, siku moja nilipata moyo nikafika Kampala.

"Tumefika wapi?" aliuliza baba mdogo kutoka nyuma.

"Tunaingia Jinja, baba."

"Punguza mwendo, daraja lile jembamba." Akavuta sigara. "Lakini kijana una miguu! Mimi na uzito wangu wote, na wala huhemi!"

Kweli sikuhema. Msomaji ambaye amewahi kuona stendi ya baiskeli sasa hivi anacheka. Sisi hatukucheka. Mimi na baba mdogo, na majirani waliokuja kutazama, hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza ni nani hasa alikuwa anambeba baba mdogo. Alikuwa anabebwa na stendi. Mimi nilikuwa nabeba gurudumu tupu linalozunguka hewani, na ndoto zangu. Kwa uhodari huo nilikwenda kuoa.

Harusi ilikuwa nzuri. Padri alisema maneno mengi, nikakubali yote. Nje ya kanisa baiskeli ilikuwa imefungwa maua na vitambaa, na kwenye keria palikuwa na mto wa pamba uliotoka ghalani kwetu. Mashangazi walikuwa wameshaondoka kwenda mlimani, wakiimba kwa furaha ya watu wanaotarajia kurudi na kitu.

Mke wangu alipokaa nyuma yangu, baiskeli ilishuka. Nilikuwa na uzoefu wa keria iliyobebeshwa mtu mzito. Nilikuwa nimezunguka nayo nusu ya Uganda. Haikuwa imewahi kushuka. Usukani ulianza kutafuta upande wa kuangukia, na hapo, katikati ya vigelegele, nikaiona stendi akilini mwangu, miguu yake miwili ya chuma, imara, mivumilivu, na nikaelewa ni nani alikuwa amefanya mazoezi.

"Mbona unatetemeka?" mke wangu aliuliza.

"Furaha."

Mteremko ulinisaidia, kwa sababu mteremko haumuulizi mtu uwezo wake. Tuliruka kijito, tukaanza mlima kwa kasi ya kutia moyo. Kisha kasi ikapungua. Kisha ikawa si kasi tena, ni mabishano. Tulikuwa bado nyuma ya kona yenye kichuguu, mahali ambapo mashangazi juu hawatuoni, na cheni ilikuwa inalia.

"Nashindwa," nikasema.

"Usishushe mguu."

"Samahani. Nilikuwa nafanya mazoezi, kweli nilifanya, lakini ilikuwa kwenye..."

"Nimesema usishushe mguu! Mimi sirudi kuvuna pamba ya baba."

Halafu keria ikawa nyepesi. Nilidhani ameanguka. Kumbe alikuwa ameshuka mwenyewe, amelifunga gauni kiunoni, ameshika keria kwa mikono miwili, anasukuma. Nilisikia viatu vyake vyeupe vikinyonywa na tope, kimoja, halafu cha pili, halafu nikasikia miguu mitupu. Mimi niliendelea kukanyaga, maana ilikuwa adabu kuonekana nina kazi.

Hivyo ndivyo tulivyotokea kwenye kona, mbele ya mashangazi wote: bwana harusi juu ya kiti, tai shingoni, na bibi harusi nyuma anahema. Wimbo ulikatika.

Senge alisimama katikati ya njia. Mke wangu alishika kiti nisianguke. Senge aliinama akaangalia viatu vyangu. Vilikuwa safi kama vilivyotoka dukani. Akaangalia miguu ya mtoto wao. Tope lilikuwa limefika magotini.

"Bwana harusi. Mguu umegusa chini?"

"Haujagusa, senge."

"Na huyu yuko chini anafanya nini?"

"Senge," mke wangu alisema, "miguu mliyoiwekea sheria ni ya kwake. Yangu hamkuitaja."

Mashangazi walirudi nyuma kidogo wakajadiliana. Mmoja alisema desturi ni desturi, msichana arudishwe. Mwingine aliuliza, arudishwe kwa kosa gani, la nani? Wa tatu alisema hata wakimrudisha leo, msichana anayesukuma mwanamume mlimani hatakaa nyumbani mpaka pamba, ataondoka alfajiri kabla hawajaamka. Senge aliwasikiliza, akanigeukia.

"Sheria imetimia, atakwenda kwako," alisema. "Lakini leo aliyebebwa ni wewe. Kwa hiyo anayeolewa ni wewe. Usishuke!"

Wakashika keria, wakashika usukani, wakashika na mikono yangu nisije nikatoroka, wakaanza kunisukuma kuelekea kwetu, wakiniimbia wimbo wa bibi harusi, ule wa kumwambia binti akaheshimu wakwe, asiwe mvivu wa kuteka maji, na akumbuke kwao. Njia nzima. Watu walitoka mashambani kuja kutazama. Mke wangu alitembea kando yangu na viatu vyake, alivyorudi kuvichomoa topeni, vikiwa mkononi, anaitikia wimbo kwa sauti kubwa kuliko wote, na kila nilipomtazama alinitoa ua la karatasi kichwani, kama nyuzi zile za pamba, ingawa hapakuwa na ua.

Nyumbani mama yangu alikuwa ametandika mkeka mpya mlangoni, ambao bibi harusi hushukia akifika. Alitoka na kibuyu cha maji, akaona msafara. Alimtazama mwanawe juu ya kiti, mkavu, amekaa wima. Akamtazama mkwewe, matope matupu, anacheka. Akautazama mkeka.

"Sasa," aliuliza, "nani ashuke kwanza?"

"Mshushe yeye, mama," alisema mke wangu. "Amechoka."